Mruko wa 14: kamba haikumnyonga

Leo saa 11 jioni nimekaa mchangani nikamtazama mwanasesere anashuka, kichwa juu miguu chini, ametulia tuli, mpaka parachuti kubwa ikafunguka. Wiki tano nimeisubiri picha hiyo.

Mnajua kazi yangu, kumwangusha mwanasesere kutoka kwenye tiara, parachuti ndogo imtulize kwanza, kisha kubwa imshushe. Vifaa: mwanasesere wa gramu 400, tiara kubwa, upepo wa kusi, mita 60 hivi juu. Shida ya kamba kumzunguka shingoni ni ileile iliyomkuta Joseph Kittinger, rubani wa jeshi la anga la Marekani, tarehe 16 Novemba 1959. Aliruka kutoka kwenye puto la Excelsior I, zaidi ya mita 23,000 juu, na parachuti ndogo ya kumtuliza ikachomoka mapema mno. Alikuwa hajashika kasi, na hewa ya kule ni nyepesi, kwa hiyo haikupata upepo wa kuijaza. Kamba zikamzunguka shingoni, akawa anazunguka kama mara 120 kwa dakika hadi akazimia. Parachuti ya akiba iliyojifungua yenyewe ndiyo iliyomwokoa. Tarehe 11 Desemba akaruka tena! Kila nikilikumbuka hilo nashikwa na msisimko.

Mimi nami nilikuwa naifyatua parachuti ndogo kwa springi papo hapo mwanasesere anapoachiwa. Nikafupisha kamba, nikarefusha, nikabadilisha kitambaa, wapi. Mruko wa 9 alifungwa shingo na miguu pamoja, akajibamiza chini, bega likapasuka. Usiku ule hata chakula hakikupita.

Sasa springi nimeitupa. Parachuti ndogo inavutwa na uzi wa mita 5 uliofungwa kwenye tiara, kwa hiyo inatoka mwanasesere akiwa ameshashika kasi. Halafu nimemchomeka mgongoni njiti ya mwavuli wa mvua, na kamba inaanzia nchani, mbali na shingo. Wazo nimelitoa kwa Alan Eustace, Mmarekani aliyeruka kutoka kwenye puto mita 41,419 juu mwaka 2014: parachuti yake ndogo ilishikiliwa mbali naye na mkono mgumu.

Na jamani, achaneni na mshipi wa kuvulia. Ukishazungushwa kwenye kibao haunyooki tena, unajiviringa wenyewe hewani. Uzi wa fundi viatu uliopakwa nta hauna matata hayo.

Wiki hii nilipanga kufunga kipima kasi. Kitasubiri. Nataka mwanasesere wa pili asiye na parachuti ndogo kabisa, nione kwa macho yangu mzunguko uliompata Felix Baumgartner aliporuka kutoka kwenye puto mwaka 2012. Kichwa nimeshakichonga, kiko mezani gundi inakauka.