Mzee Msekwa kabla ya uspika
Jana nimempeleka mdogo wangu Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM), kuangalia chuo, tumesimama pale Nkrumah Hall nikajikuta namsimulia habari za mzee Pius Msekwa, maana dogo alikuwa anamjua kama Spika tu basi. Nikamwambia huyu mtu wa Ukerewe alikuwa mtendaji wa TANU, chama tawala cha enzi zile, 1970 UDSM ilipoanza kujitegemea Nyerere akampa awe makamu mkuu wa chuo wa kwanza, ndo mtendaji mkuu wa chuo, yani mwanasiasa anaongoza maprofesa aisee! Na Azimio la Musoma la 1974, lile la kufanya kazi kwanza ndo uingie chuo, lilimkuta palepale. Uspika ukaja baadae sana, 1994. Mi namheshimu zaidi kwa miaka ile ya chuo. Dogo kaniuliza tu, ofisi yake ilikuwa jengo gani?