Damu kwa mbwa dume: nilivyojua kwamba si UTI

Mbwa dume ambaye hajahasiwa hutoa ute kidogo wa manjano au kijanikijani kwenye ncha ya ngozi inayofunika uume. Huo haunishtui. Damu ndiyo iliyonishtua, nilipoanza kuona matone sakafuni kila mbwa wangu Tomi anapoinuka alipokuwa amelala.

Jirani akaniambia, "Mama, huyo ana UTI, mpe vidonge tu." Siku hizi kila kitu ni UTI, hata kwa mbwa! Kabla ya kununua dawa nilimfuatilia akikojoa. Mkojo ulitoka wa manjano, safi. Damu ilidondoka baadaye, hata akiwa amejilaza. Basi huenda haikutoka kwenye kibofu. Niliwaza tezi dume, lakini hiyo husumbua zaidi mbwa waliozeeka, na mara nyingi mbwa hujikamua sana akienda haja kubwa. Tomi bado kijana na choo chake kilikuwa sawa. Nikampapasa korodani: zote mbili zipo, zinalingana, hazina joto wala maumivu.

Kilichobaki ni kutazama ndani. Mwanangu alimshika kichwa, mdomo tumeufunga kwa kipande cha kanga, nami nikaivuta ile ngozi nyuma taratibu mpaka kwenye shina la uume. Ukiishia kwenye ncha huoni kitu. Kule nyuma kulikuwa na nyama nyekundu yenye vinundu kama koliflawa, ukiigusa tu inavuja damu.

Daktari wa mifugo aligandamiza kioo chembamba juu ya ile nyama, akakitazama kwa hadubini. Ni saratani ya kuambukizana, akasema. Seli zenyewe za uvimbe ndizo zinazohama kutoka mbwa mmoja hadi mwingine, hasa wakipandana, na pia kwa kulambana na kunusana. Ndiyo maana wengine huota uvimbe puani. Binadamu haambukizwi. Mitaa yenye mbwa wanaozurura ndiyo inayouona sana.

Tiba ni sindano ya vinkristini, dawa ya saratani, kwenye mshipa mara moja kwa wiki, na wengi hupona kwa sindano 3 hadi 6. Si dawa ya kuchomwa na fundi wa mtaani: ikivuja nje ya mshipa huunguza nyama, na hushusha chembe nyeupe za damu, kwa hiyo damu hupimwa katikati ya tiba. Mkojo wa Tomi niliusafisha nikiwa nimevaa glovu, maana dawa hiyo hutoka pia kwenye mkojo.

Damu ilikoma mapema, uvimbe ukiwa bado upo. Hapo ndipo watu wengi huacha, kwa kuokoa pesa. Mimi niliendelea mpaka daktari alipovuta ngozi na kukuta pamelainika kabisa, kisha nikampeleka ahasiwe ili apunguze kuzurura.

Jike wa yule jirani naye alichunguzwa. Alikuwa na uvimbe huo huo, ndani ya uke, na hakuna aliyekuwa ameona kitu.