Boya Lililokunywa Petroli

Land Rover ya baba, Series III fupi ya petroli, ilikuwa na ugonjwa mmoja uliomkera kuliko yote: mshale wa geji ya mafuta ulilala kwenye E usiku na mchana. Hata ujaze tangi mpaka mdomoni, haunyanyuki. Ilikuwa mwaka 1994, tunaishi Iringa, na baba alikuwa mtu wa kwenda Dodoma kila mara kwa njia ya Mtera. Barabara ile ilikuwa ya vumbi wakati huo, na ukiishiwa mafuta porini unakaa mpaka Mungu akuletee lori. Kwa hiyo alipima mafuta kwa kijiti. Fundi mmoja wa mjini alishakata shauri kwamba geji imekufa, tuagize nyingine Dar es Salaam. Bei aliyoitaja ilimnyamazisha baba.

Tukaenda kwa mzee mmoja wa Kihesa, fundi umeme wa magari. Sikuwa nimewahi kuona mtu anayefikiri kwanza ndipo ashike spana. Baada ya kuitikia shikamoo yangu alimuuliza baba swali moja: "Geji ya joto la maji je, inafanya kazi?"

"Inafanya, mzee mwenzangu."

"Basi tusiibomoe dashibodi."

Akanieleza, mimi kijana wa kidato cha nne, kwamba kwenye gari lile geji zote mbili zinapata umeme kupitia stabilaiza moja iliyo nyuma yake, inayoushusha ule wa betri mpaka kama volti 10. Ingeharibika hiyo, zingeugua zote mbili.

Aliniambia niinue mto wa kiti cha dereva. Chini yake kuna kifuniko cha bati, halafu mgongo wa tangi, umejaa vumbi jekundu. Pale juu ndipo ilipokaa floti yenyewe, kifaa chenye boya kinachoiambia geji kiasi cha mafuta, na waya mmoja wa kijani wenye mstari mweusi. Akauchomoa, akaniagiza niwashe swichi, akaugusisha kwenye bodi mahali alipokwisha pakwangua rangi, mbali na tangi.

"Angalia mshale, mwanangu. Usiwe na haraka nao."

Mwanzoni kimya. Kisha ukaanza kupanda taratibu, maana geji hizo hufanya kazi kwa kipande cha chuma kinachopata joto na kujikunja, na joto halina pupa. Ulipofika F akautoa waya. "Hii ndiyo iliyokufa?" Baba akacheka kwa sauti. Mguso ule mmoja ulikuwa umesafisha jina la geji, la stabilaiza na la waya kwa pamoja. Akarudisha waya mahali pake, akavuta mwingine kutoka mwili wa floti hadi kwenye chesisi, kuona kama ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye bodi, ndiyo mbovu. Mshale ukabaki kwenye E. Sasa hapakuwa na ubishi: ugonjwa uko ndani ya floti.

Tulifungua waya za betri, tukanyonya petroli yote, jerikani zikapelekwa mbali. Skrubu zilishika kutu, akawa anazigongagonga kidogo kabla ya kuzungusha. Floti ilipotoka, alipima kwa mita huku akipandisha mkono wa floti wenye boya: omu, kipimo cha ukinzani wa umeme, zikashuka vizuri bila kuruka; akaushusha, zikapanda. Ndipo akalitikisa boya la shaba karibu na sikio langu. Chwa, chwa. Lilikuwa limekunywa petroli, likazama chini ya tangi na kukaa huko.

Aliagiza sufuria ya maji ya moto kwa mama ntilie jirani, akaweka mbali na jiko, akalizamisha. Vipovu vyembamba vikatoka mstari mmoja kwenye maungio. Nilivipenda vile vipovu. Tatizo lote la baba lilikuwa tundu lisilozidi ncha ya sindano. Akalipanua kidogo, akamwaga petroli, akaliacha juani hadi kesho yake, harufu yote iishe, kwa sababu kuchomea boya lenye mvuke ndani ni kujitafutia kifo. Risasi ya kulehemu aliyotia ilikuwa haba kabisa, boya lisije likawa zito na kudanganya kipimo. Tukalirudisha majini: hakuna kipovu.

Gasketi aliikata mwenyewe. Tukamimina lita 20 kwenye tangi la lita 45, nikawasha swichi. Mshale ukapanda pole pole ukasimama chini kidogo ya nusu, palepale ulipopaswa kusimama. Baba akalipia risasi na siku mbili za kazi, akaongeza ya soda, na Ijumaa yake akaondoka kwenda Dodoma.