Chenso Ilivyoninyima Moto Siku Tatu

Nilichukua kazi ya kuangusha mikaratusi kumi na minane kwenye shamba la mtu, huku kwetu Mufindi. Siku ya kwanza chenso, msumeno wangu wa injini, ilikata vizuri hadi saa nne, halafu ikazima ghafla katikati ya gogo, kama vile mtu kabonyeza swichi. Nikavuta kamba mpaka bega likauma. Hata kukohoa haikukohoa.

Plagi, ile inayotoa cheche ya kuwasha petroli, nilipoitoa ilikuwa imelowa, kwa hiyo kabureta inayoleta petroli nikaiacha ipumzike. Plagi nikaifuta, nikaichomeka kwenye kofia yake, nikaigusisha kwenye ubavu wa silinda, mbali na tundu lake maana mvuke unaotoka pale unaweza kulipuka. Kijana wangu akavuta kamba kivulini. Hakuna cheche. Plagi mpya, vilevile.

Fundi wa mjini hakupima chochote. Aliitazama tu, akasema, "Koili imekufa hiyo, kaka." Nikalipa elfu sitini ya koili mpya, kile kifaa kinachoipa plagi umeme, nikaenda kuifunga mwenyewe.

Kati ya koili na sumaku za flaiwili, gurudumu la injini linalozunguka ukivuta kamba, panatakiwa nafasi ndogo, kama milimita 0.3. Geji ya kuipimia sina; nilitumia vocha ya kukwangua. Unaipachika katikati, sumaku inaivuta koili, unakaza skrubu, kisha unachomoa vocha. Kutu ya kwenye sumaku nikaisugua kwa msasa. Kamba ikavutwa. Giza lilelile.

Hapo ndipo nikakaa juu ya gogo na kuanza kufikiri, baada ya elfu sitini kwenda.

Chenso haina betri. Flaiwili inazunguka, sumaku inapita mbele ya koili, umeme unazaliwa. Na swichi yake ya kuzimia haifanyi kazi kama ya taa ya nyumbani. Ya taa inakata njia ya umeme. Hii inaifungua njia nyingine: inaunganisha waya mwembamba wa koili na bodi, yaani chuma cha injini, umeme unakimbilia huko na plagi inabaki bila kitu. Sasa waya ule ukichubuka na kugusa chuma popote, mashine inakuwa imezimwa hata kama swichi umeiweka kwenye kuwaka.

Nikauchomoa waya ule kwenye koili. Mvuto mmoja, cheche ya bluu, ta! Kijana akaruka nyuma.

Kuufuata waya kulichukua dakika kumi. Mtetemo ulikuwa umeutoa kwenye mfereji wake, ukawa unasuguana na silinda, na plastiki ilikuwa imelika sehemu isiyozidi punje ya mchele. Utepe wa umeme ungeyeyuka kwa joto la pale, hivyo niliubadilisha waya wote kwa kipande cha waya wa pikipiki, nikaurudisha mferejini. Kijana alishauri tuuache umechomolewa tumalize kazi. Nilikataa. Bila waya huo chenso unaizima kwa choki tu, ile inayoziba hewa ya kabureta, na mnyororo ukikurukia huna muda wa kutafuta choki.

Nikairudisha koili ya zamani kujaribu. Ikawaka mvuto wa pili, na ndiyo iliyoangusha mikaratusi yote iliyobaki.

Ile mpya fundi alikataa kuipokea; kifaa cha umeme kikishafungwa hakirudi. Juzi amepita nyumbani, kapata mteja wa chenso kama yangu, akaniuliza kama naiuza. Nimemwambia elfu sabini.