Wekundu juu ya Nyiragongo

Boti ya Ziwa Kivu iling'oa nanga Bukavu kwenda Goma giza likiingia, imejaa vidumu vya mawese, magodoro na watoto waliokataa kulala. Ilikuwa 2019. Nilipata nafasi sitaha ya juu, kwenye baridi, kando ya mama mmoja aliyejitanda vitenge viwili.

Tulipokipita kisiwa cha Idjwi, taa za wavuvi wa sambaza zilikuwa zimetapakaa ziwani. Halafu mawingu ya kaskazini yakaanza kuwa mekundu.

"Papa, angalia kule! Haiko ile kitu mtoto wangu alinitumia toka Norwe?"

Akanionyesha simu: anga la Tromsø, mapazia ya kijani juu ya theluji, ukingo wa juu umeiva wekundu. Aurora.

Nikamwambia ule wetu ni volkano ya Nyiragongo, ziwa lake la lava linamulika moshi na mawingu kutoka chini. Wekundu wa joto, kama chuma kwa mhunzi. Wa Norwe hauna moto. Jua hupuliza upepo wa chembe zenye umeme. Upepo huo ukiitikisa ngao ya sumaku ya dunia, elektroni hutimuliwa chini kufuata mistari ya sumaku na kugonga hewa, kilomita 100 na zaidi juu yetu. Atomu iliyogongwa huitema ile nguvu kama mwanga.

Kinachonifurahisha mimi ni rangi. Kijani na nyekundu zote ni za oksijeni. Ya kijani hutoka ndani ya sekunde moja hivi. Nyekundu huchukua karibu dakika mbili. Chini hewa imesongamana, atomu hupigwa kikumbo na jirani kabla haijatoa mwanga wake. Kwa hiyo nyekundu hukaa juu, kupita kilomita 200, kwenye nafasi.

Mama akacheka. "Kama siye humu mu boti. Mbele usingizi ikufike, mutu ameshakukanyaga."

Kwetu aurora haifiki kwa sababu mistari ya sumaku huzama ardhini karibu na ncha za dunia. Huku karibu na ikweta inapita juu kwa juu. (Mei 2024, kwenye dhoruba kubwa ya jua, hata Namibia waliipiga picha. Goma, hapana.)

Alfajiri, bandari ya Goma ikionekana, wekundu ukafifia. Mama alikuwa ameinama kwenye simu, akimrekodia mwanawe sauti: "Huku kwetu pia iko. Ya kwetu iko na moto."