Jeki alivyorudi kuukanyaga mguu

Mbwa wangu Jeki aligongwa na bodaboda mwezi wa pili, hatua chache tu kutoka getini kwetu, Kigamboni. Nilimkuta amelala kando ya barabara, kimya, mguu wa nyuma wa kushoto unaning'inia. Eksirei ilionyesha mfupa wa paja umevunjika shingoni, pale unapoingia kwenye nyonga. Daktari wa mifugo akashauri kichwa cha mfupa ule kikatwe na kutolewa kabisa.

Nikamuuliza mbwa atatembeaje bila nyonga. Akanieleza kwamba misuli na kovu vitaziba nafasi ile na kuubeba mguu, na kwa mbwa wa kilo 17 kama Jeki mambo huwa mazuri, mradi mguu utumike mapema. Mradi utumike mapema: nililisikia, lakini halikuniingia.

Baada ya upasuaji nilimrudisha nyumbani nikamlea kama mtoto mchanga. Kujisaidia nilimbeba, chakula nilimpelekea alipolala. Siku ya 14, tulipoenda kutoa nyuzi, daktari akachukua futi ya fundi cherehani akampima mapaja. La kulia sentimita 31, la kushoto 26. Akaniambia, "Mwanangu, huruma yako itamlemaza huyu." Kumbe mfupa uliounganishwa kwa chuma ndio unaohitaji kutulia ili ushikane. Kwa Jeki hapakuwa na cha kushikana. Akiendelea kulala, kovu litakaza na mguu hautanyooka kwenda nyuma tena. Nililia njia nzima.

Kesho yake tukaanza. Kwanza dawa ya maumivu aliyoandikiwa yeye (msimpe mbwa dawa zenu za nyumbani, ibuprofeni inaweza kumuua), kisha kitambaa cha maji ya uvuguvugu juu ya paja kwa dakika kumi. Namlaza kwa ubavu mzima, mkono mmoja nashika juu ya goti, wa pili chini yake, nausukuma mguu nyuma taratibu, nahesabu hadi kumi, naurudisha. Mara 15, asubuhi, mchana na jioni. Siku ya kwanza nilizidisha. Jeki aligeuza kichwa akashika kiwiko cha mkono wangu kwa meno, bila kuuma, akanitazama. Nikauachia mguu, naye akaniachia mkono. Tangu hapo nilijifunza kusoma dalili mapema: akianza kulamba midomo au kulaza masikio, naishia hapo hapo.

Kutembea kulinishinda wiki nzima kabla sijagundua kosa langu, nalo ni mwendo. Ukienda haraka, mbwa anakunja mguu mbovu na kuruka kwa mitatu, maana hivyo ni rahisi. Ukienda polepole kabisa, kama unasindikiza mzee, inabidi aukanyage. Nilipitisha kanga chini ya tumbo lake nikashika ncha zote mbili juu ya mgongo, tukawa tunazunguka uani dakika tano tano. Ndani, marumaru ilikuwa inamtelezesha, nikatandika zulia kuukuu. Mkeka haufai, unateleza naye.

Wiki ya tano, kidonda kikiwa kimefunga kabisa, daktari akaruhusu bahari. Hapa ndipo nilipoona tofauti kubwa. Maji yakimfika mbwa magotini, miguu bado inabeba kama asilimia 85 ya uzito wake. Yakimfika nyonga, inashuka hadi 38 hivi. Kwa hiyo sikumwogelesha, nilimtembeza ndani ya maji ya nyonga, sambamba na ufuko, na mguu ukafanya kazi yote bila kuelemewa. Nikawa nafuatilia saa za maji kama mvuvi, kwa sababu siku za bamvua yanakupwa mbali mno na kumchosha kabla hatujayafikia. Tukirudi, namsuuza chumvi kwa maji baridi na kumkausha.

Wiki ya kumi paja la kushoto lilifika sentimita 30. Bado anachechemea kidogo baridi ikiingia, na mazoezi ya mguu nampa kila jioni.

Lakini asubuhi moja kabla ya hapo, nilikuwa nafagia uwanja nikamwona amekwenda kwenye mwarobaini wake wa siku zote. Akanusa, akajipanga, akainua mguu wa kulia. Alisimama juu ya wa kushoto mpaka alipomaliza. Nikaangusha ufagio, nikamwita mama aje aone.