Siku moja maishani mwangu: maabara ya tishu, na kuta za utumbo

Saa moja na nusu asubuhi nishafika, cha kwanza ni kufungua mashine ya tishu iliyokesha na vipande vya miili ya wagonjwa vya jana, imevitoa maji kwa alkoholi, ikaviingiza kwenye kemikali ya zailini, mwisho nta ya parafini ya moto kama nyuzi 60 hivi. Vingi ni vya njia ya chakula, umio, tumbo, utumbo.

Saa mbili kuembedi, yaani kukigandisha kila kipande ndani ya nta. Hapa ndo penyewe jamani. Ukuta wa njia ya chakula una matabaka manne: mukosa kwa ndani, sabmukosa yenye mishipa ya damu na neva, halafu misuli, wa ndani umezunguka na wa nje umelala kwa urefu, mwisho utando wa nje. Sasa kipande lazima kisimame kwa ubavu ndani ya nta ili matabaka yote yaliyochukuliwa yaonekane, ukikilaza vibaya unakata mukosa tu, na hapo daktari atasemaje saratani imezama mpaka wapi wakati matibabu yanategemea hilo hilo?

Saa nne kukata, unene mikromita 3 mpaka 4, yaani sehemu 3 mpaka 4 za elfu za milimita. Leo kuna cha rektamu, ule mwisho wa utumbo mpana, ya mtoto mchanga, kadogo kuliko punje ya mchele. Fomu inasema siku mbili za kwanza hakupata choo na tumbo limejaa, wanashuku Hirschsprung, yaani mwisho wa utumbo hauna seli za neva kwa hiyo misuli inakaza tu haisukumi. Kipande cha hivi hukati slaidi moja ukaondoka, unakata mfululizo slaidi baada ya slaidi, maana hizo seli ni chache na zimejificha sabmukosa.

Saa sita rangi, hematoksilini na eosini. Viini vya seli vinakuwa bluu ya zambarau, sehemu nyingine pinki, na hapo hata bila lebo unajua umeshika nini: umio una seli bapa zilizopandiana, utumbo mwembamba una vinyweleo, utumbo mpana hauna vinyweleo ila una vishimo vilivyonyooka vimejaa seli za ute. Mimi hii hainichoshi kabisa.

Saa nane daktari wa patholojia kaniita, "Dada, njoo uone." Nikainama kwenye hadubini, seli kubwa, kiini kimesogea pembeni na kina doa jeusi katikati. Seli ya neva ipo! Akapiga simu wodini palepale.

Saa tisa kikaja kipande cha mtoto mwingine, slaidi zote mukosa tupu, sabmukosa hamna. Hakisomeki, itabidi achukuliwe kingine. Madaktari wangu mnaochukua biopsi za watoto, nawaomba sana, kipande kifike sabmukosa, jibu lenyewe liko huko.